Mzigo Haupotei

Katika jiji letu la Dar es Salaam neno "bubu" limepewa kazi nyingi. Kuna bandari bubu, kuna baa bubu, kuna gesti bubu, na kuna gereji bubu. Bubu hapa si yule asiyeweza kusema. Ni yule ambaye jina lake halimo kwenye daftari la wakubwa. Hana leseni, hana kibao, hana sanduku la posta. Basi gereji bubu ni gereji isiyo gereji: mti, kivuli chake, sanduku la spana, na fundi. Ukitoka Kariakoo sokoni ukaambaa kuelekea Gerezani, au ukasogea mbele hadi Ilala na Buguruni, utazikuta. Na nyundo zinavyolia pale tangu asubuhi, ukimwambia mgeni kwamba hapa ni mahali pa bubu, atakucheka.

Ndugu msomaji, nataka tuzungumze kuhusu kazi moja tu kati ya zile zinazofanyika pale: kubadilisha injini ya lori. Kuziba pancha au kubadilisha brekishuu ni kazi ambayo fundi anaweza kuifanya popote. Injini ni habari nyingine. Injini ya dizeli ya Canter, silinda nne, inazidi kilo 300. Ile ya lori kubwa, silinda sita, inaweza kukaribia tani nzima. Uzito huo lazima unyanyuliwe, uning'inie, uwekwe pembeni, kisha mwingine kama huo upandishwe na kuingizwa mahali pake bila kukosea hata kwa upana wa ukucha. Siulizi kama inawezekana. Inawezekana, na inafanyika. Ninachouliza ni hiki: je, ni haki? Na kama kuna dhuluma ndani yake, nani anamdhulumu nani?

Kwa yule ambaye hajawahi kuiona kazi yenyewe, huenda hivi. Kwanza betri inachomolewa. Kichwa cha lori kinainuliwa na kukingwa kisirudi. Maji ya rejeta yanamwagwa, oili inafunguliwa chini ya sampo, rejeta inatolewa, kisha paipu za dizeli, nyaya za stata, bomba la moshi, propela. Kila bolti inawekwa kwenye kopo, maana bolti ikidondoka kwenye mchanga ule, imekwenda. Giaboksi inaachanishwa na injini, au vyote viwili vinashushwa pamoja. Halafu mabomba matatu ya chuma yanasimamishwa na kufungwa vichwa. Kama mabomba hayapo, tawi nene la mwembe linashika nafasi. Chenibloku inatundikwa, mnyororo unapitishwa kwenye injini, na kijana anaanza kuvuta.

Sasa tazama. Injini ikishapanda, kinachoondoka pale si injini, ni lori. Watu sita saba, wengine wapita njia tu, wanalisukuma nyuma kwa mabega, na injini inabaki imening'inia hewani peke yake mpaka ishushwe juu ya tairi chakavu. Ile nyingine inapandishwa hivyo hivyo, lori linarudishwa mbele polepole, na fundi amelala juu ya katoni iliyopasuliwa, anaangalia shafti ya giaboksi iingie katikati ya klachi. Hapo hakuna kubahatisha. Anapiga kelele, "Mbele kidogo! Kidogo tena! Simama!" Vidole vyake vyote kumi vinategemea wale wasukumaji wamesikia neno "simama."

Anayeliona jambo hili mara ya kwanza hushangilia, na ana haki ya kushangilia. Watu wasio na umeme wala kreni wamefanya kwa mnyororo na mabega kazi ambayo kwingine ingehitaji jengo zima. Ndiyo maana tukasema mjini shule. Ndiyo maana mji wenyewe tukauita Bongo, yaani mahali pa kuishi kwa ubongo. Lakini sifa nazo zina ujanja wake. Ukimsifia mtu kwa kubeba mzigo mzito, unaweza kusahau kuuliza mzigo ule ulikuwa wa nani.

Hebu tujiulize: gereji ni nini hasa? Wengi tutajibu: kuta, bati na kibao. Mimi nasema hapana. Gereji ni mkusanyiko wa vitu vinavyobeba. Kreni inabeba uzito wa injini. Shimo linabeba mgongo wa fundi, kwa maana linamwezesha kufanya kazi ya chini ya gari akiwa amesimama kama mtu. Pipa linabeba oili chafu. Karatasi, yaani risiti na daftari la kazi, inabeba ahadi. Na bima inaibeba siku mbaya. Vitu vitano. Ukivilipia vyote unaambiwa bei ambayo mwenye Canter moja ataguna. Ndipo anapoondoka na kwenda chini ya mwembe.

"Fundi, nifanyie bei poa, si unajua hali yenyewe."

"Bosi, kwa hiyo bei hata hela ya kula vijana haitoki."

"Basi, tugawane maumivu."

Wanacheka, wanapeana mikono, kazi inaanza. Lakini maumivu, je, yamegawanywa? Vile vitu vitano havipo, sawa. Ila zile kazi tano vilizokuwa vinafanya hazikuyeyuka. Mzigo haupotei, ndugu zangu. Mzigo hubadilisha mbebaji tu.

Kazi ya kreni inabebwa na mikono ya vijana wa spana, na wale waliosukuma lori wakalipwa soda au asante. Kazi ya shimo inabebwa na mgongo wa fundi, miaka ishirini mfululizo juu ya katoni. Kazi ya pipa inabebwa na ardhi. Oili chafu nyingine inauzwa, watu wakaipaka kwenye mbao kuzuia mchwa, lakini ile iliyomwagika inanyonywa na mchanga, au inasubiri mvua iibebe hadi kwenye mtaro, kutoka mtaroni hadi Mto Msimbazi, na Msimbazi unaifikisha baharini pale Salenda. Katikati ya safari hiyo kuna watoto wanaocheza na akina mama wenye vibustani vya mchicha kandokando ya mto. Hao hawakuwepo bei ilipokuwa inapatanwa.

Kazi ya karatasi inabebwa na dereva. Kadi ya gari imeandikwa namba ya chesisi na namba ya injini. Injini ikibadilishwa na kadi isirekebishwe, lori linatembea na kadi inayoeleza injini nyingine. Askari akilisimamisha barabarani, anayeulizwa si yule aliyekula ile nafuu. Ni dereva, na pengine hata siku ya kazi hakuwepo. Na kama injini hiyo ilitoka mahali pasipoeleweka, maana mjini kuna spea za halali na kuna spea zilizolala gari la mtu jana, basi dereva anajibu hata kwa wizi asioujua.

Kazi ya bima ndiyo nzito kuliko zote, nayo nataka niikalie kidogo. Tuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2008 na kuanza kazi mwaka 2015. Mwajiri anauchangia, na mfanyakazi akiumia kazini au akifa, yeye au wategemezi wake wanalipwa fidia. Ni jambo jema. Ila sharti lake la kwanza ni kwamba lazima awepo mtu anayeitwa mwajiri.

Sasa tuseme, Mungu apishe mbali, kiungo kimoja cha mnyororo kimekatika. Injini imeshuka, na chini yake kulikuwa na mguu wa kijana wa miaka kumi na minane. Mwajiri wake ni nani? Mwenye lori atasema, "Mimi nilipatana na fundi, huyo dogo simjui." Fundi atasema, "Huyu nilimchukua kwa huruma tu, anajifunza kazi." Mwenye chenibloku, ambaye huikodisha kwa siku, atasema, "Mimi nilikodisha chuma, sikukodisha mguu." Na mwenye mwembe yuko ndani ya nyumba yake, hajui lolote. Kila mmoja wao amesema kweli! Hapa ndipo swali linapokuwa gumu kuliko linavyoonekana. Tumezoea kufikiri kwamba dhuluma lazima iwe na mdhalimu, mtu mwenye tumbo kubwa na sura mbaya. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitufundisha kuutambua unyonyaji, na wazee wetu wakawaita wanyonyaji kupe. Lakini huyu mwenye Canter moja, aliyeinunua kwa mkopo, anayebeba nyanya na mchanga ili arejeshe marejesho, ni kupe? Fundi ambaye jana alilala bila kazi, ni kupe? Hapana. Na bado mguu umevunjika, na anayeuguza mguu ni mama wa kijana, ambaye hata lori lenyewe hajaliona.

Nimesema mbebaji mara nyingi, na neno hilo si geni mahali hapa. Kariakoo yenyewe imezaliwa na wabebaji. Waingereza walipouteka mji huu kutoka kwa Wajerumani mwaka 1916, eneo hili likawa kambi ya wapagazi wa jeshi lao, kikosi kilichoitwa Carrier Corps. Vinywa vyetu vikaligeuza jina hilo kuwa Kariakoo, na wenzetu wa Nairobi wana Kariokor yao kwa sababu hiyo hiyo. Katika vita ile Waafrika walibeba vichwani risasi, unga na mizinga iliyofunguliwa vipande vipande, kwa kuwa barabara hazikuwepo na wanyama walikufa kwa mbung'o. Wapagazi walikufa makumi kwa maelfu, wengi wao kwa magonjwa na uchovu kuliko kwa risasi. Mwaka 1927 ikazinduliwa ile Sanamu ya Askari katikati ya mji. Kaiangalie siku ukipita Posta. Aliyesimama pale juu ni askari, na bunduki yake yenye singe. Mpagazi hakupandishwa pale juu.

Silinganishi gereji bubu na vita. Ninachosema ni kwamba hesabu ile ni ya zamani katika mji huu. Barabara ikikosekana, kichwa cha mtu kinakuwa barabara. Kreni ikikosekana, mkono wa mtu unakuwa kreni. Kisha kazi ikiisha, anayehesabiwa ni yule aliyeshika bunduki au usukani.

Najua nitajibiwa. Jibu la kwanza ni la haraka: "Yule kijana hakulazimishwa, amekubali mwenyewe." Ni kweli, hakufungwa kamba. Lakini kukubali kuna sura mbili. Yuko anayekubali baada ya kupima njia mbili, na yuko anayekubali kwa kuwa njia ni moja. Kijana aliyemaliza darasa la saba au kidato cha nne, hana mtaji, hana mjomba ofisini, akaonyeshwa kazi ya spana, atakataa aende wapi? Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi nakubali ainame. Ninachokataa ni sisi wengine kumwekea kilo 300 juu yake wakati ameinama, kisha tukasema mwenyewe alitaka.

Jibu la pili lina uzito zaidi: "Kama si gereji bubu, huyo kijana asingejifunza kazi kabisa." Hapa natoa heshima zangu. Nchi hii iliunda SIDO mwaka 1973 ili kukuza viwanda vidogo, na sheria ya mwaka 1994 ikaanzisha VETA ili vijana wafundishwe ufundi. Hata hivyo chuo kikubwa kuliko vyote kimebaki kuwa chini ya mti, na VETA wenyewe wanalijua hilo, ndiyo maana wana utaratibu wa kumpima fundi aliyejifunzia kazini na kumpa cheti. Kwa hiyo gereji bubu ni shule. Lakini hebu niambie, shule gani inawalaza wanafunzi wake chini ya injini inayoning'inia kama sehemu ya karo?

Jibu la tatu linatoka upande mwingine kabisa, kwa watu wa ofisini: "Basi zifungwe zote." Amri za namna hiyo tumezizoea. Mwaka 2021 wamachinga waliondolewa kando ya barabara za jiji, na gereji bubu nazo huambiwa mara kwa mara zihame. Swali langu ni lile lile: ukifunga, mzigo unakwenda wapi? Lori bado lina injini mbovu. Fundi atahamia uchochoro wa ndani zaidi, kwenye giza zaidi, na tawi jembamba zaidi. Wakenya waliliona hili mapema kidogo. Mafundi wa namna hii wao huwaita jua kali, na katika miaka ya 1980 serikali yao ilianza kuwajengea vibanda mafundi wa Kamukunji. Vibanda havikumaliza matatizo yote. Ila angalieni tofauti ya majina. Wao walimwita fundi kwa jina la kile kinachomuumiza, yaani jua. Sisi tukamwita kwa jina la kile anachotukosesha sisi, yaani maandishi.

Tena kuta peke yake si dawa. Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka hapa hapa Kariakoo, na watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha. Lile halikuwa mwembe. Lilikuwa na kuta, nguzo, milango na maduka. Uzito hausomi leseni. Unachouliza ni kimoja tu: nani amenishika, na je, ananiweza?

Na haki inatutaka tuseme pia lililo jema. Chini ya mwembe kazi inafanyika mbele ya macho. Katika gereji nyingi zenye kibao unakabidhi ufunguo, unaambiwa rudi Ijumaa, na yaliyotokea ndani hujui. Kwenye gereji bubu mwenye lori anakaa kwenye benchi, anaona spea yake ikitoka kwenye boksi na kuingia kwenye injini. Wapita njia nao wana midomo: "Fundi, hiyo bolti hujakaza!" Mtaa mzima ni mkaguzi. Kwa hiyo yule tuliyemwita bubu ana mashahidi wengi kuliko msemaji. Ila mashahidi hao wanamlinda mwenye lori asiibiwe. Hawamlindi kijana aliye chini ya lori. Macho tunayo. Tunayaelekeza kwenye mali tu.

Kama hoja yangu ni kwamba mzigo haupotei, basi wajibu unatokana na hapo hapo. Yeyote aliyepata nafuu ya bei ana deni, hata kama hakuna mahali lilipoandikwa. Sisemi mwenye Canter ajenge gereji. Nasema katika ile nafuu aliyoipata, sehemu si yake. Sehemu hiyo ni ya kukodisha chenibloku nzima badala ya ile iliyoungwa kwa waya. Ni ya kununua magogo mawili ya kukinga chini ya injini na chini ya chesisi, ili hata mnyororo ukikatika pawe na kitu kingine cha kupokea uzito kabla ya mguu. Ni ya karai la kukingia oili. Ni ya nauli ya kwenda kurekebisha kadi. Na ni ya kumlipa yule kijana mkononi mwake, kwa jina lake, si kumwachia fundi "atamtoa." Fundi naye ana deni kwa kijana: kumfundisha kusema "simama" na wakubwa wakasimama. Serikali ina deni kubwa zaidi: kuwapa watu hawa mahali penye sakafu, shimo na pipa, halafu ndipo iwadai karatasi. Siyo kuanza na karatasi.

Na sisi tunaojaribu kuandika tuna deni letu. Hadithi za malori tunazipenda. Dereva wetu huwa shujaa wa safari ndefu, ana mpenzi Makambako na mwingine Tunduma. Utingo huwekwa kwa ajili ya kuchekesha. Yule aliyelala juu ya katoni usiku kucha ili lori liondoke alfajiri hatumwandiki kabisa, labda kwa sababu akiwa pale chini sura yake haionekani. Lakini kila gunia linaloshushwa Kariakoo asubuhi limepita kwanza juu ya mikono yake.

Usiku huu huu lipo lori linalosubiri injini mahali fulani kati ya Gerezani na Buguruni. Mabomba matatu yamesimamishwa, taa ni ya simu. Kesho asubuhi litapita mbele yako likinguruma vizuri, na utafurahi kwamba kazi imefanyika rahisi. Kabla hujafurahi, uliza imekuwa rahisi kwa nani.